Hati ya Muungano ya 1964: tunayoisingizia na yaliyomo kweli

Kila mwaka ikishaingia Aprili tu kijiweni kwetu hapakaliki. Mmoja anasema Hati ya Muungano, ile karatasi iliyounganisha Tanganyika na Zanzibar, imesema hivi, mwingine anasema wee, Hati imesema vile, sauti zinapanda mpaka muuza kahawa anasogeza birika lake pembeni, halafu ukiuliza nani hapa kaisoma hiyo Hati kila mtu anaanza kuangalia kikombe chake. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo jamani, nisijifanye. Miaka na miaka nimebishania karatasi ambayo sijawahi kuiona, mpaka siku nikakaa nikaisoma mwanzo mpaka mwisho, na kahawa yangu ilikuwa haijapoa.

Ni fupi mno. Ina vipengele vinane, kwa Kiingereza cha kisheria, basi. Nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61 imesimama juu ya kurasa unazoweza kuzikunja ukatia mfukoni. Na nadhani ndo maana tunaisingizia sana, ikiwa fupi hivyo kila mtu anaongezea maneno yake halafu anasema "Hati imesema". Sasa hapa chini nimeweka yale ninayoyasikia mara kwa mara pamoja na ukweli wake. Sikuyapanga kwa uzito, mengine yanaisha kwa mistari miwili mengine yana mambo kibao.

"Muungano ulisainiwa Dar es Salaam tarehe 26 Aprili"

Hapana. Ulisainiwa Zanzibar, tarehe 22 Aprili 1964, Mwalimu Nyerere kwa upande wa Jamhuri ya Tanganyika na Mzee Abeid Amani Karume kwa upande wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar. Tarehe 25 Bunge la Tanganyika likakaa, mswada ukaingia na ukapita siku hiyo hiyo, ndo ile Sheria Namba 22 ya 1964. Tarehe 26 ndo Muungano ukaanza rasmi. Tarehe 27 wakakutana Ukumbi wa Karimjee hapa Dar kubadilishana hati. Kinachotuchanganya nadhani ni ile picha ya Mwalimu anachanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, tumeiona kwenye kalenda na vitabu vya shule tangu wadogo mpaka tumeamini kwamba ile ndo kusaini kwenyewe, kumbe udongo ni sherehe na wino ni kitu kingine.

Na kwa taarifa yako, neno "Tanzania" halimo kabisa kwenye Hati. Nchi iliyozaliwa iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina la Tanzania lilikuja kutangazwa Oktoba 1964, miezi sita baadae. Kwa hiyo mtu akikwambia Hati "ilianzisha Tanzania" yuko sawa kwa maana, ila kwa maandishi hayuko sawa.

"Hati haipo, hiyo ni hadithi tu"

Hii nimeisikia mpaka kwa watu wenye digrii zao. Na siwalaumu sana, maana kwa miaka mingi serikali zenyewe ndo zilizoifanya iwe kama siri ya ndani ya kabati. Kuna wananchi Zanzibar walienda mpaka mahakamani kudai waionyeshwe. Unaona sasa, unaficha karatasi halafu unashangaa watu wanasema haipo!

Ukweli ni kwamba Aprili 2014, wakati Bunge Maalum la Katiba linakaa Dodoma na wabunge wa upinzani wanapiga kelele "tuonyesheni Hati", serikali ilitoa nakala yenye saini mbele ya waandishi wa habari. Wakaibuka waliosema saini haifanani, mjadala ukahama kutoka kwenye "haipo" ukaenda kwenye "siyo yenyewe". Ila maneno yaliyomo ndani hayakuwa siri hata siku moja, yaliambatanishwa na ile Sheria Namba 22 tangu 1964. Ukiwa na hiyo sheria unayo maneno ya Hati yote.

Sasa kuna swali lingine ambalo watu wanalichanganya na hili, na hilo ndo swali la maana kweli. Kipengele cha mwisho cha Hati kinasema ni lazima iridhiwe kwa sheria na pande zote mbili, Bunge la Tanganyika kwa huku, na kwa kule Baraza la Mapinduzi, lile lililoshika utawala Zanzibar baada ya Mapinduzi, likishirikiana na Baraza la Mawaziri. Bunge la Tanganyika liliridhia, kumbukumbu zipo. Je Baraza la Mapinduzi? Sheria inayosemekana ni ya upande wa Zanzibar ilichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali la huku Dar, na wanasheria waliofukua kumbukumbu, Profesa Issa Shivji akiwemo, wameonyesha kwamba uthibitisho kutoka upande wa Zanzibar wenyewe una mashaka makubwa. Wajumbe wa Baraza wa wakati ule waliokuja kuhojiwa baadae wamesema mambo yanayopishana, huyu anakumbuka hivi yule anakumbuka vile. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar wa wakati huo, Wolfgang Dourado, alisema waziwazi miaka ya baadae kwamba yeye hakushirikishwa. Kwa hiyo ukitaka kubisha bisha hapo, kwenye kuridhiwa. Kusema karatasi haipo ni kupoteza nafasi yako ya kuongea.

"Iliandikwa na CIA" / "Ni mapenzi matupu ya udugu"

Hizi ni mbili ila nazijibu pamoja kwa sababu ni ndugu. Kijiwe kimoja watakwambia Wamarekani na Waingereza ndo waliosuka mpango wote, kingine watakwambia eti Mwalimu na Mzee Karume waliamka asubuhi wakasema sisi ni ndugu tuungane.

Angalia tarehe tu. Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964. Siku nane baadae, tarehe 20 Januari, wanajeshi wa Tanganyika wanaasi kambi ya Colito, Nyerere mwenyewe anajificha, na mwisho analazimika kuwaita Waingereza waje kuzima, jambo ambalo lilimuuma sana. Kule Unguja polisi wa Tanganyika wameshapelekwa kusaidia kuweka utulivu. Ujerumani Mashariki, China na Urusi wameingia na misaada yao, na mabalozi wa magharibi wanaandikiana barua kwamba Zanzibar itakuwa Cuba ya Afrika. Ndani ya Baraza la Mapinduzi kwenyewe Karume hakuwa na amani, kuna mrengo wa Abdulrahman Babu ambao ulikuwa na watu waliosoma na wenye mtandao. Kutoka Mapinduzi mpaka saini ni siku 101. Kwa hiyo ndiyo, wakubwa wa dunia walitaka kitu cha namna hii na waliposikia walifurahi, hilo limeandikwa sana. Lakini kutaka siyo kuandika. Rasimu iliandaliwa na Mwanasheria Mkuu wa Tanganyika, Roland Brown, ambaye alikuwa Mwingereza kweli ila alikuwa mwajiriwa wa serikali ya Nyerere na alifuata maelekezo ya Nyerere.

Na udugu nao haukuwa wa kubuni. TANU, chama cha Tanganyika, na ASP, chama cha Zanzibar, walikuwa wanatembeleana tangu miaka ya 50, na utangulizi wa Hati unataja uhusiano wa muda mrefu wa watu wa pande hizi mbili pamoja na nia ya umoja wa Afrika. Watu wa Tanga, Bagamoyo, Mafia hawakuhitaji hati kujua kwamba Unguja kuna shangazi. Ila shangazi hakuulizwa. Kura ya maoni haikupigwa upande wowote, si huku si kule, na hili huwa nawaambia wa Bara wenzangu wanaodhani ni Wazanzibari peke yao hawakuulizwa. Hata babu yako wa Songea hakuulizwa.

"Hati inasema serikali mbili, mjadala umeisha"

Hapa sasa tukae vizuri.

Nilipochapisha ile Hati nilisafiri nayo kwenda Unguja, nina mjomba wangu Mwembetanga, mtu wa baraza yule, kila jioni pale nje kwake kuna mabishano. Nikampa. Akasema, "Hebu nipatie miwani yangu, mjomba." Akasoma taratibu huku kidole kinafuata mstari, Kiingereza chake cha shule za zamani ni kizuri kuliko changu. Akafika kipengele cha nne akasimama. Akarudia. Akaniuliza, "Hapa pana maneno mangapi? Haya ya mwisho?" Nikahesabu. Ni machache tu.

Kipengele hicho kwanza kinaorodhesha mambo ya Muungano, halafu kinasema Bunge na Serikali ya Jamhuri ya Muungano vitakuwa na mamlaka pekee juu ya mambo hayo kwa Muungano mzima, na zaidi ya hapo, vitakuwa na mamlaka pekee juu ya mambo mengine yote ndani ya Tanganyika na kwa ajili ya Tanganyika. Umeona? Hakuna sehemu imeandikwa "serikali mbili". Hakuna namba kabisa, si mbili si tatu si moja. Na wala hakuna sehemu imeandikwa "Tanganyika imekufa". Kinyume chake, Tanganyika inatajwa kama eneo ambalo lina mambo yake, na sheria zake zinaendelea kutumika kwenye eneo lake. Kilichofanyika ni kwamba mambo ya Tanganyika yaliwekwa mikononi mwa serikali ile ile ya Muungano. Yaani serikali moja imevaa kofia mbili. Ndo wale wa kule wanaposema Tanganyika haikufa, ilivaa koti la Muungano, wanatoa hapo.

Kwa hiyo anayesema "Hati inasema serikali mbili" amesoma matokeo, hajasoma maneno. Ukihesabu serikali zilizopo ni mbili kweli, ya Muungano na ya Mapinduzi Zanzibar. Lakini ukihesabu mamlaka ni tatu, mambo ya Muungano, mambo ya Zanzibar, na mambo ya Tanganyika ambayo hayana mlango wao wenyewe. Anayesema "Hati inasema serikali tatu" naye kajiongezea, maana hakuna serikali ya Tanganyika iliyotajwa. Kila upande una nusu ya kutafuna.

Na hii siyo hesabu ya barazani tu, imewagharimu watu wakubwa. Aboud Jumbe, aliyekuwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, alimpa kazi mwanasheria kutoka Ghana, Bashir Swanzy, kuandaa hoja kwamba muundo uliopo haufanani na Hati. Waraka ukajulikana kabla haujafika popote. Januari 1984, kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM, chama tawala, Dodoma, Jumbe akaondoka na nyadhifa zake zote. 1993 ikaja zamu ya wabunge wa Bara, lile kundi la G55, wakapitisha azimio bungeni wakitaka Serikali ya Tanganyika, na Nyerere akiwa ameshastaafu akaamka akalipinga mpaka likazimwa. Tume za serikali nazo, Tume ya Nyalali ilipendekeza serikali tatu, Kamati ya Kisanga nayo ikaja hukohuko kwenye tatu, Tume ya Warioba kwenye rasimu ya 2013 serikali tatu tena. Kila wakikaa wataalamu wanatoka na tatu, kila ikifika kwenye siasa zinarudi mbili. Mimi sina chama hapa, nasema tu kwamba ukitaka kutetea mbili una hoja nzuri tu za gharama na za kuogopa nchi kuvunjika, zitumie hizo, usiseme Hati imesema.

"Mambo ya Muungano ni 11" / "Ni 22"

Yote kweli, inategemea unasoma wapi. Kwenye Hati ni 11: Katiba na Serikali ya Muungano, mambo ya nje, ulinzi, polisi, mamlaka ya hali ya hatari, uraia, uhamiaji, biashara ya nje na mikopo, utumishi wa serikali ya Muungano, kodi ya mapato pamoja na ushuru wa forodha na wa bidhaa, na la mwisho bandari, usafiri wa anga, posta na simu. Kwenye Katiba ya sasa, Nyongeza ya Kwanza, yako 22.

Katikati hapo kuna kuongezeka kidogo kidogo. Sarafu na mabenki yaliingia 1965, maana bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika na Benki Kuu yetu ikafunguliwa Juni 1966. Mafuta na gesi asilia 1968. Mahakama ya Rufani baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kufa 1977. Uandikishaji wa vyama vya siasa 1992. Kwa Wazanzibari wengi kila lililoongezwa ni kipande kilichokatwa kwao, na hoja yao ina nguvu pale wanapouliza, mbona yanaongezwa kwa kura ya Bunge ambalo wabunge wengi ni wa Bara? Siku hizi kubadilisha orodha hiyo kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande peke yake. Suala la mafuta limepata njia ya mkato, sheria za 2015 ziliiruhusu Zanzibar isimamie mafuta na gesi yake na 2016 ikatunga sheria yake, huku kwenye orodha ya Katiba neno mafuta bado limekaa palepale. Kibongobongo.

Sasa wengi wanadhani orodha hii ni mambo ya wanasheria. Binamu yangu alinunua tivii Darajani, Unguja, inchi 43, akaipakia kwenye boti imefungwa na blanketi kama mtoto mchanga. Kufika Dar, ofisa mmoja wa ushuru anamwambia lipia tofauti. Binamu akatoa macho: "Kaka, mi natoka Tanzania naingia Tanzania, tofauti ya nini?" Wakabishana nusu saa, foleni nyuma inanuna, mwisho akalipa na akaapa hanunui tena kitu ng'ambo ya maji. Alivyonisimulia alikuwa na uhakika kaibiwa. Ila angalia orodha, ushuru wa forodha ni wa Muungano, sawa, lakini kodi ya ongezeko la thamani haimo, kila upande una sheria yake na mkusanyaji wake. Na kwa miaka mingi bidhaa zinazotoka nje zilikuwa zinathaminishwa kwa bei tofauti zikishukia Unguja na zikishukia Dar, kwa hiyo mzigo ukivuka maji walikuwa wanadai ile tofauti. Ni moja ya zile zinazoitwa kero za Muungano, serikali zote mbili zimeshaikalia vikao vingi. Chanzo chake ni orodha ya watu wa 1964 ambao walikuwa na haraka na hawakuwaza tivii ya inchi 43.

Ardhi nayo haimo, ndo maana mtu wa Bara akienda Unguja hawezi kununua kiwanja kirahisi kama Mzanzibari anavyonunua Kigamboni, na watu wa Bara wananuna kweli kuhusu hilo. Afya haimo. Elimu ya msingi haimo ila elimu ya juu imo. Mpira haumo.

"Zanzibar siyo nchi" / "Zanzibar ni nchi kamili"

Julai 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisimama bungeni akasema Zanzibar siyo nchi, na kule visiwani moto ukawaka. 2010 Wazanzibari wakarekebisha Katiba yao ikasema Zanzibar ni nchi, na ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Nani mkweli?

Hati inasema jamhuri mbili zimeungana kuwa jamhuri moja yenye mamlaka kamili. Moja. Kabla ya hapo Zanzibar ilikuwa na kiti chake Umoja wa Mataifa, iliingia 16 Desemba 1963 na baada ya miezi minne na kidogo kiti kikaunganishwa na cha Tanganyika. Kwa hiyo anayedhani Zanzibar haijawahi kuwa nchi arudi shule, na anayedhani mpaka leo ni dola kamili mbele ya dunia naye arudi, wakakae dawati moja.

Na maneno hayo yamewahi kufika mpaka mahakamani. Hapa sipati mfano mzuri zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 90 watu 18 wa CUF, chama cha upinzani, walikamatwa Zanzibar wakashtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi, wakasota mahabusu miaka. Uhaini adhabu yake unaijua. Kesi ikafika Mahakama ya Rufani, ile ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, na Novemba 2000 majaji wakasema uhaini unatendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na Zanzibar siyo dola ya namna hiyo, dola ni Jamhuri ya Muungano, kwa hiyo hakuna uhaini hapo. Fikiria kichekesho chake. Watu wa chama ambacho kila siku kilikuwa kinapigania hadhi ya Zanzibar wanaambiwa na mahakama hawana uhaini kwa sababu Zanzibar siyo dola, na serikali ambayo kila siku inaimba Muungano inakuwa imekwenda mahakamani na shtaka lililosimama juu ya Zanzibar kuwa dola. Kila mtu alikuwa ameshika kamba ya mwenzake.

Upande wa mambo ya nje, Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na OIC, ile jumuiya ya nchi za Kiislamu, Agosti 1993 ikatoka, maana mambo ya nje ni ya Muungano. Na mpira ndo unauma zaidi, kwa sababu hauko kwenye orodha lakini FIFA wako nje. Machi 2017 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, waliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, nakumbuka mjomba alinipigia simu usiku anacheka peke yake. Julai mwaka huo huo wakaufuta uanachama huo, wakasema nchi moja haiwezi kuwa na wanachama wawili. Sikumpigia simu mjomba. Timu ya visiwani inaendelea kucheza michuano ya CECAFA na klabu zao zinaingia mashindano ya Afrika, ila kufuzu AFCON wakiwa Zanzibar peke yao, hakuna.

"Hati ilishakufa, sasa tuna Katiba ya 1977"

Hii ndo inayonikera, kwa sababu wanaisema watu wanaotakiwa kujua.

Hati haikujifanya kuwa ni ya kudumu katika muundo. Ilisema kutakuwa na kipindi cha mpito, na katika kipindi hicho Katiba ya Tanganyika itarekebishwa itumike kama ya Muungano, iweke nafasi ya chombo cha kutunga sheria na serikali kwa ajili ya Zanzibar, na iweke Makamu wa Rais wawili, mmoja wao akiwa ndo mkuu wa serikali ya Zanzibar. Ndo Karume akawa Makamu wa Kwanza na Rashidi Kawawa Makamu wa Pili. Halafu ikasema ndani ya mwaka mmoja iundwe tume ya kupendekeza katiba na liitishwe Bunge la Katiba lijadili.

Mwaka mmoja. Machi 1965 zikaja sheria za kuusogeza mbele, na ukasogezwa ukasogezwa mpaka 1977, miaka 13. TANU na ASP wakaungana tarehe 5 Februari 1977 kuwa CCM, watu 20 wale wale waliotengeneza katiba ya chama chini ya Thabit Kombo wakapewa kazi ya katiba ya nchi, na Aprili ikapitishwa. Ukitaka kujua kwa nini Watanzania kila baada ya miaka kumi wanadai katiba mpya, kuna sababu nyingi, lakini hiyo ahadi ya mwaka mmoja ni ya kwanza kabisa kwenye foleni.

Halafu angalia ilivyotumika 1994. Marekebisho ya mwaka huo yaliondoa utaratibu wa Rais wa Zanzibar kuwa moja kwa moja Makamu wa Rais wa Muungano, wakaleta mgombea mwenza. Sababu ya kisiasa unaiona, vyama vingi vimeingia, wakijiuliza itakuwaje Zanzibar akishinda mtu wa chama kingine. Lakini Wazanzibari waliopinga hawakupinga kwa kusema tu hatutaki, walifungua Hati wakaonyesha kile kipengele cha Makamu wawili, wakasema hiki ni cha mkataba, hamwezi kukifuta kwa sheria ya upande mmoja. Karatasi iliyokufa haifunguliwi hivyo.

Na Katiba ya 1977 yenyewe iliweka Mahakama Maalum ya Katiba kwa ajili ya migogoro ya pande hizi mbili, nusu ya wajumbe wanateuliwa na Serikali ya Muungano nusu na Serikali ya Zanzibar, ibara zipo ukifungua utaziona. Haijawahi kukaa hata siku moja.

Lile Bunge Maalum la 2014, ambapo serikali ilitoa Hati watu waione, lilimaliza kazi yake mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo kwa Katiba Inayopendekezwa, yenye serikali mbili. Safari hii wananchi ndo walikuwa waulizwe, huku na kule, yule shangazi wa Unguja na watu wa Songea. Kura ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa, na mpaka leo haijapangiwa tarehe nyingine.